Anakula Sarafu

Harufu ilimpokea inspekta mlangoni kabla mtu hajamkaribisha. Ilikuwa ya matapishi yaliyolala, na juu yake mtu alikuwa amemwaga dawa ya sakafu bila kupangusa, kwa hiyo sasa zilikuwa harufu mbili zinazogombana. Sajini, aliyetangulia kufika, alisimama dirishani na leso puani.

"Shikamoo, afande. Hata sijui nikwambie karibu."

"Marahaba. Liko wapi beseni?"

"Chumbani. Sijagusa kitu, kama ulivyoagiza. Na wala nisingegusa hata usingeagiza."

Inspekta alijifunga mtandio wake mdomoni, akaingia. Kitanda kilikuwa kimevurugwa upande mmoja tu, upande wa ukutani, alikolala fundi wa mafriji hadi majirani walipombeba jana asubuhi kumpeleka hospitali. Beseni lilikuwa chini, limejaa karibu nusu. Akachuchumaa mbele yake.

"Njoo uangalie."

"Nimeshaangalia. Mara moja inanitosha kwa mwaka huu."

"Sajini."

Sajini alisogea kama mtu anayekaribia nyoka bila kujua kama amekufa.

"Rangi gani?" inspekta akauliza.

"Kijani."

"Tazama vizuri."

"Kijani chenye bluu. Kama ile rangi wanayopaka milango ya zahanati." Akageuka haraka kuelekea mlangoni. "Afande, kesi yenyewe mbona haihitaji haya? Twende jikoni nikuonyeshe."

Jikoni, juu ya rafu, nyuma ya kopo la chumvi, kulikuwa na pakiti ya sumu ya panya. Imefunguliwa. Sajini aliionyesha kwa kidole, bila kuigusa, na kwa fahari kidogo.

"Pakiti hii hapa. Chai alipikiwa na mkewe. Alikunywa, akaanza kutapika. Majirani walisikia ugomvi juzi, mke akipiga kelele kwamba hizo sarafu zake zitamuua. Na mwenyewe kaniambia kwa mdomo wake, jana: 'Mume wangu alikuwa anakula sarafu, mimi na mtoto tunaangalia tu, nimechoka.' Mtu anakula pesa za nyumba, mkewe anachoka, anamwekea. Tumeona mangapi?"

Inspekta aliinamisha pakiti. Punje chache zilidondoka kwenye kiganja cha glavu yake. Zilikuwa nyekundu, nyekundu ya rangi ya mdomo.

"Hizi zikilowa zinakuwa rangi gani?"

Sajini alifikiri. "Nyekundu?"

"Halafu zikifika tumboni zinageuka mlango wa zahanati?"

Kutoka sebuleni mtoto alianza kulia tena, kilio kikavu cha mtoto ambaye ameshalia sana na bado hajapata alichokuwa akililia.

Mama wa mgonjwa alikuwa ameketi kwenye kochi na yule mtoto mapajani, akimsukumizia chupa ya maziwa. Mtoto aliigeuzia uso, akajipinda mgongo.

"Mwone, mwanangu," bibi alimwambia inspekta. "Tangu jana. Mkaidi kama mama yake."

"Mama, wewe ndiye uliyetuita?"

"Mimi. Mwanangu anakufa, ningemwita nani, fundi bomba? Nilimwambia tangu mwanzo, huyo msichana ana ulimi. Mwanaume amepata kitu cha kumfurahisha baada ya kazi, hanywi pombe, hana wanawake, anakusanya sarafu zake za wazungu wa kale, basi. Na bado mtu ananuna!"

"Ziko wapi?"

Bibi alielekeza kidevu kwenye kabati la vyombo. Kwenye rafu ya juu, ambako watu huweka sahani za wageni, kulikuwa na trei ya mbao iliyotandikwa mahameli mekundu. Juu yake sarafu zilipangwa kwa mistari, kila moja kwenye kijishimo chake, na chini ya kila moja kijikaratasi chenye jina la mfalme wa Kirumi, kimeandikwa kwa mkono wa mtu anayejitahidi. Maandishi ya mstari wa kwanza yalikuwa ya kuhangaika. Ya mwisho yalikuwa yamenyooka, yana hata mapambo.

Inspekta alivuta trei kwenye mwanga. Sarafu za mstari wa mwisho zilikuwa zimevaa ganda zito la kijani, sura za wafalme zikichungulia ndani yake. Za mstari wa katikati zilikuwa na ganda nusu. Za mstari wa kwanza zilikuwa tupu, shaba inayong'aa. Kadiri sarafu ilivyokaa nyumbani humo, ndivyo ilivyozidi kuvuliwa nguo.

"Alikuwa anazisafisha na nini, mama?"

"Sijui. Anakaa nazo hapo, anaangalia televisheni."

"Sajini, tafuta brashi. Siki, ndimu, mafuta, kitambaa chenye madoa. Chochote."

Sajini alipekua droo, uvungu, bafu, na mkoba wa vifaa vya kazi wa fundi. Alirudi mikono mitupu. Brashi pekee ndani ya nyumba ilikuwa ya meno, na ilikuwa kavu na safi.

Inspekta alitia sarafu moja ya mstari wa mwisho ndani ya mfuko wa nailoni. Kwenye kidole cha glavu ganda liliacha unga. Aliunusa, kisha akajuta. Chini ya harufu ya shaba kulikuwa na kitu kingine, kitu cha choo cha stendi.

*

Mke wa fundi aliletwa kutoka mahabusu akiwa ameshikilia mtandio kifuani kwa mikono miwili. Blauzi yake ilikuwa imelowa mbele hadi tumboni. Hakungoja aulizwe.

"Mtoto amenyonya?"

"Anakataa chupa," inspekta alisema.

"Hajawahi kuona chupa. Atakataa hadi…" Akakatisha. "Afande, gari la magereza linakuja lini?"

"Mchana huu."

"Nikipelekwa huko naruhusiwa kwenda naye?"

"Mama mkwe wako amekataa kumtoa. Anasema hawezi kumkabidhi mjukuu wake kwa muuaji. Kwa hiyo nijibu vizuri, tena haraka. Ulimwambia sajini kwamba mumeo anakula sarafu."

"Ndiyo."

"Amekula kiasi gani?"

"Karibu zote."

"Mshahara wote?"

Mwanamke alimkazia macho. "Mshahara umeingiaje hapa?"

"Si umesema anakula? Hela za nyumba, za mtoto…"

"Afande, nimesema anakula sarafu. Anakula! Anatia mdomoni. Anaimung'unya kama pipi, anaihamisha shavu hili, shavu lile, mate yanamtoka ya kijani, anafutia kiganja. Anaangalia taarifa ya habari na mfalme yuko mdomoni!"

Peni ya sajini ilisimama.

"Mbona hukusema hivyo jana?" inspekta akauliza.

"Nisemeje tena? Nilimwambia kaka huyu, anakula sarafu, nimechoka. Akanijibu, vumilia dada, wanaume wengi ndivyo walivyo."

Inspekta alimgeukia sajini. Sajini alikuwa akichunguza kiatu chake.

"Ilianzaje?"

"Kwa moja tu. Alikwenda kutengeneza friji kwenye duka la fremu za picha. Mwenye duka akamwonyesha sarafu, akamwambia hii ilipita mikononi mwa askari wa Kirumi, shika. Alirudi nyumbani hasemi kitu kingine. Wiki iliyofuata akaja na yake kwenye kiberiti. Tukacheka. Akaja na nyingine. Akaazima vitabu. Akawa anajua mfalme gani alimuua nani, nani alikuwa kichaa. Mtoto akilia, anamwimbia majina yao hadi analala." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Nilikuwa naona ni jambo zuri. Mtu anayeshinda ndani ya mafriji mabovu ana kitu cha kusoma. Halafu wakamkaribisha kwenye chama chao, kila Jumamosi, nyuma ya duka. Wanamwita Mgeni. Huko ndiko alikofundishwa kula."

"Alifundishwa?"

"Wazee walimwambia sarafu ya uongo ni chungu, ya kweli ina utamu kwa mbali, ila ulimi lazima uzoezwe. Kila mjuzi anaonja. Na ganda halitolewi kwa brashi, linaharibu. Linatolewa kwa mate, taratibu. Akaanza kuumwa tumbo, nikamwambia ni hizo. Akasema ni maji ya bomba."

"Majirani walisikia ukisema zitamuua."

"Nilisema. Siku hiyo alitaka kumwonjesha mtoto. Nilimpiga mkono, ikabingirika chini ya kabati. Nikamwambia kula mwenyewe, ufe nazo, mwanangu humlishi uchafu." Alifunika uso kwa mtandio uliolowa. "Nilisema ufe. Kweli nilisema."

Inspekta aliagiza glasi ya maji na msumari mpya. Alikwangua ganda la ile sarafu kwa ncha ya kisu, unga ukaangukia ndani ya glasi. Maji yakageuka, kwanza machafu, kisha bluu. Akatumbukiza msumari, akangoja kidogo, akautoa. Chuma kilikuwa kimevaa koti jekundu la shaba hadi pale maji yalipoishia.

"Kutu iliyokaa ardhini miaka elfu mbili haiyeyuki kama sukari kwenye chai," alisema. "Hii imepakwa."

Sajini aliinama juu ya glasi. "Afande, hiyo bluu naijua. Mrututu! Bibi yangu alikuwa akitupaka kwenye vidonda. Alikuwa akitukemea, ole wake atakayejilamba."

Simu ya hospitali ilipokelewa na daktari mwenyewe. Alisikiliza, akauliza mara mbili kama wana hakika, akasema figo za mgonjwa zilikuwa zimeanza kugoma na hakuwa akijua anapigana na nini. Sasa anajua. Akakata bila kuaga.

Mkuu wa kituo hakuridhika. "Mrututu, sawa. Unauzwa hata kwenye maduka ya pembejeo. Nani kasema si yeye aliyezipaka hizo sarafu akijua mumewe anazilamba? Niletee aliyepaka. La sivyo gari likifika, anapanda."

*

Duka la fremu lilikuwa safi mbele. Mwenyewe, mzee mnene mwenye suspenda mabegani na kidole kimoja chenye kucha ndefu, aliinuka kwa tabasamu la biashara.

"Karibu dada. Picha ya harusi?"

"Nimekuja kwenye chama."

"Ahaa, mpenzi wa mambo ya kale! Wengi huwa wanaume. Pita, pita. Mimi wananiita Kaisari, usiogope, sikati watu vichwa."

Chumba cha nyuma kilikuwa na meza ndefu, taa ya kuinamisha, vioo vya kukuzia, na mhasibu mstaafu aliyekuwa akinywa bia ya chupa kabla ya chakula cha mchana. Katikati ya meza palikuwa na sahani iliyojaa sarafu zenye ganda la kijani. Mlango wa uani ulikuwa umefungwa, lakini harufu haikujua hilo.

"Mgeni yuko wapi leo?" inspekta akauliza, akivuta kiti.

"Fundi wetu? Labda amebanwa na friji." Kaisari alicheka. "Unamfahamu? Kijana mwenye moyo! Hajawahi kutokea mtu anayependa hivi. Ukimwonyesha moja, macho yanamlowa."

"Na ulimi," mhasibu akadakia. Wakaangua kicheko wote wawili, hadi mhasibu akapaliwa na bia yake.

"Nimesikia za kweli zinaonjwa," inspekta akasema.

Kaisari alijifuta machozi. "Ndiyo, ndiyo. Utaalamu huo. Wachache wanauweza."

"Hizi ni za kweli?"

"Dada, kila moja. Zilizochimbuliwa na mikono inayojua."

Inspekta alichagua iliyokuwa na ganda zito zaidi, akamsogezea mezani kwa ncha ya peni.

"Nionjeshe basi. Nataka kujifunza."

"Leo meno yananisumbua."

Akamsogezea mhasibu. "Wewe, baba?"

Mhasibu aliweka chupa chini. Aliitazama ile sarafu, akamtazama Kaisari, midomo ikajikunja ndani yenyewe kama ya mtoto anayekataa dawa.

"Mimi nina sukari," akasema.

"Si ina utamu kwa mbali tu? Mgeni anamung'unya kila usiku. Wajuzi nyinyi mnashindwa hata kuigusa na ulimi?" Akaweka kitambulisho chake mezani, kando ya sahani. "Fungua huo mlango."

Uani kulikuwa na ndoo, kubwa, zenye vifuniko vya mbao vilivyowekewa matofali. Sajini, aliyekuwa amezungukia kwa nyuma, aliinua kifuniko cha kwanza, akakiachia, akakimbilia ukutani. Alisimama huko akiwa ameinama, mabega yakitikisika. Inspekta aliinua mwenyewe. Nzi walipanda wote kwa pamoja. Ndani kulikuwa na mavi ya kuku yaliyooza na kuwa uji, na ndani ya uji huo, zikiwa zimefungwa kwenye soksi kuukuu, sarafu mpya kabisa zilizokuwa zikifundishwa uzee. Ndoo ya pili ilikuwa na kimiminika cha njano chenye povu. Kando yake, kwenye gazeti, mawe ya mrututu yalikuwa yametwangwa nusu, kinu bado kina bluu.

"Hii ya pili ni nini?"

Kaisari hakuwa na tabasamu tena. "Ni mambo ya ufundi. Inahitaji… chumvi ya mkojo."

"Mkojo wa nani?"

Kaisari alivuta suspenda zake.

"Nimeuliza wa nani."

"Wetu," mhasibu alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo. "Wa chama. Jumamosi watu wanakunywa, choo kiko mbali, ndoo iko hapa. Ikawa desturi."

"Mgeni anajua?"

"Mgeni ni mgeni! Alikuwa bado hajapokewa."

"Kwa hiyo mnakunywa, mnakojoa humu, mnachovya, mnampaka mrututu mfalme, mnamuuzia. Halafu mnakaa mezani mnamwangalia anavyotia mdomoni."

"Ulikuwa utani, dada!" Kaisari alipandisha mikono. "Mwanzo nilisema tu, onja. Nilidhani atashtukia. Yeye akaonja! Akasema, kweli, ina utamu. Ungekuwepo ungecheka na wewe. Tungemwambia siku ya kumpokea rasmi, tucheke pamoja, yaishe."

"Yuko hospitali, anatapika rangi ya hicho kinu."

Mhasibu alikaa chini palepale, kwenye kizingiti. Kaisari aliangalia ndoo zake, moja baada ya nyingine, kama anayetafuta ipi ya kuilaumu.

"Lakini ganda si la kula," akasema hatimaye. "Mtu mzima, mwenye akili zake, anakulaje kutu?"

Inspekta alifunika ndoo. Alikuwa amevaa glavu, na bado alipomfunga Kaisari pingu alihakikisha chuma tu ndicho kinachomgusa.

*

Gari la magereza lilikuwa limeshaegeshwa kituoni, injini ikiunguruma, walipoingia uani na Kaisari na zile ndoo. Mkuu wa kituo alitoka, akanusa, akarudi ndani. Kutoka dirishani alipaza sauti kwamba amesharidhika, mwachieni mama wa watu, na hizo ndoo zisipite mlango wa mbele.

Bibi aliletwa na sajini. Alishuka na mtoto aliyechoka hata kulia. Alimkuta mkwewe akivaa ndala zake kaunta. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Bibi alinyoosha mikono tu, na mtoto, aliponusa maziwa, alijirusha kwa mwili mzima hivi kwamba sajini alilazimika kumdaka mguu. Mke wa fundi aliketi kwenye benchi la washtakiwa, akamnyonyesha hapohapo, uso wake ukutani. Bibi alisimama mbele yao akiwa ameshika chupa ambayo haikuwa na kazi.

"Nisogee?" akauliza.

Mkwewe alichelewa kujibu. Kisha akasogea yeye, kidogo, nafasi ya kukaa mtu mwembamba.

Siku chache baadaye inspekta alikwenda wodini kuchukua maelezo ya mgonjwa. Fundi alikuwa ameketi kitandani na dripu mkononi, amekonda, midomo imebabuka. Mkewe alikuwa pembeni yake, mtoto begani.

"Afande," fundi alisema hata kabla ya salamu, "Kaisari amesemaje? Ile ya mwisho, yenye simba nyuma. Ni ya kweli?"

Inspekta alifungua mdomo. Mke wa fundi alimzuia kwa mkono.

"Niache nimwambie mimi, afande. Mume wangu. Zilikuwa zimechovywa kwenye mkojo. Wao wote, kila Jumamosi, kwenye ndoo moja. Na mavi ya kuku."

Fundi alicheka kidogo. Aliangalia uso wa mkewe, akaacha. Aliangalia uso wa inspekta.

"Wote?"

"Wote."

"Hata yule mhasibu?"

"Yule mwenye sukari," inspekta alisema.

Ulimi wa fundi ulitembea ndani ya shavu, ukitafuta pa kwenda na kukosa. Baadaye alinyoosha mkono wenye dripu, akamgusa mtoto mguu. Mtoto alimtambua, akacheka kwa ufizi mtupu. Macho ya fundi yakalowa. Akajiinua kutoka kwenye mto, akatoa midomo yake iliyobabuka ili ambusu.

Mkewe aliurudisha mwili nyuma, kiganja chake kikafunika kichwa cha mtoto.

"Kwanza nenda kaoshe mdomo."

"Nimeosha asubuhi."

"Osha tena."

Fundi alishuka kitandani, akashika nguzo ya dripu, akaanza kuisukuma polepole kuelekea sinki.